Mikono ya bibi na vitanzi vya damu: picha ya mishipa midogo ya ngozi inaonyesha nini?

Swali limetoka kwa msomaji wa Newala, binti anayesomea uuguzi mwaka wa pili. Anaeleza kwamba bibi yake mzaa mama, mwenye miaka 78, ametokwa na mabaka ya zambarau yasiyouma kwenye mikono yote miwili, kuanzia mgongo wa kiganja hadi karibu na kiwiko. Bibi alibangua korosho kwa mikono kwa miaka mingi, na hadi leo hushinda shambani msimu wa kuokota. Mjomba wake anayeishi Dar es Salaam amemwambia kwamba siku hizi ipo mashine inayopiga picha ya mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya ngozi, bila kuchana wala kuchoma sindano, na kwamba picha hiyo huonyesha mtu amezeeka kiasi gani. Binti anauliza: mashine hiyo inaonaje ndani ya ngozi? Umri huifanya nini mishipa hiyo? Ngozi nyeusi kama ya bibi inapenyeka? Na je, wamsafirishe bibi akapigwe picha?

Marahaba, mwanangu, na nifikishie shikamoo yangu kwa bibi.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye nauli ndani yake: msimsafirishe bibi kwa ajili ya picha. Mabaka yake yanahitaji macho ya mhudumu, maswali ya kina na kidole cha kubonyeza, na hayo yote yanapatikana hapo Newala. Hata hivyo maswali yako mengine ni mazuri mno kuyapita juu juu, na wewe unayesomea uuguzi utakutana nayo kazini, kwa hiyo nitayajibu kwa urefu. Mjomba wako amesema kweli kuhusu mashine. Alipokosea ni pale aliposema kwamba picha huonyesha mtu amezeeka kiasi gani. Picha ya mishipa midogo huonyesha njia ambazo damu inazipita katika kipande kile cha ngozi, dakika ile ile. Njia zilizobaki ni ngapi, hilo hutegemea miaka, lakini hutegemea vilevile jua, kazi, dawa, na hata baridi ya vidole asubuhi hiyo.

Tuitazame ngozi yenyewe kwanza. Tabaka lake la juu kabisa, lile linalochubuka ukijikwaruza kidogo, halina mshipa wa damu hata mmoja, na ndiyo maana mkwaruzo mwepesi hautoi damu. Seli za tabaka hilo hulishwa kutoka chini, na ngozi ya ndani. Humo damu husambazwa na mishipa iliyolala kwa ngazi mbili, mithili ya nyavu mbili zilizotandazwa moja juu ya nyingine: wavu wa chini uko mpakani mwa ngozi na mafuta, na wavu wa juu uko kama milimita moja hadi moja na nusu kutoka usoni mwa ngozi. Kutoka kwenye wavu wa juu huchipuka vitanzi vya kapilari, yaani mishipa midogo kuliko yote, na kila kimoja hupanda, hupinda na kushuka, kama pini ya nywele iliyosimamishwa wima. Kapilari ina upana wa mikromita 5 hadi 10 hivi, na milimita moja ina mikromita 1,000. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, kwa hiyo mahali pengi hupita moja moja, na penye wembamba zaidi hulazimika kujikunja ili ipenye.

Vitanzi hivi havikusimama ovyo. Kwa kijana, mpaka kati ya ngozi ya juu na ngozi ya ndani si bapa; una migongo na mabonde kama bati la nyumba, na katika kila mwinuko wa ngozi ya ndani kimeingia kitanzi. Mpangilio huo unaisogeza damu karibu kabisa na seli zinazohitaji chakula, na kuongeza eneo ambalo tabaka hizi mbili zinashikana. Mtu anapozeeka, bati hilo hunyooka. Miinuko huwa mifupi, mingine hutoweka, na kitanzi kilichokuwa kimesimama ndani ya mwinuko hufupika, kisha nacho hupotea. Hapo ndipo penye kiini cha jibu lako kuhusu umri. Watu wengi hudhani kwamba mishipa ya mzee imekuwa myembamba tu au imeziba, kama bomba lililojaa kutu, kumbe badiliko kubwa katika mishipa hii midogo ni kupungua kwa idadi ya vitanzi vilivyosimama. Wavu uliolala chini yake hudumu zaidi, na kwa kuwa ngozi iliyo juu yake imekuwa nyembamba, wavu huo huanza kuonekana kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Ndiyo maana ngozi ya mzee inaweza kuonyesha mishipa mingi kwa macho ya kawaida ilhali damu inayozifikia seli za juu ni kidogo.

Matokeo yake unayaona kila siku nyumbani. Kidonda cha bibi huchukua muda mrefu kupona. Ngozi yake huchunika kwa kugongwa kidogo, kwa kuwa tabaka mbili zilizoshikana kwa migongo na mabonde sasa zimelaliana kama karatasi mbili. Na joto humsumbua kuliko linavyokusumbua wewe. Hili la joto linastahili neno zaidi, hasa kwetu huku kusini. Mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia mahali penye ubaridi, hupitisha kwenye ngozi yake yote chini ya nusu lita ya damu kwa dakika. Akipatwa na joto kali, mishipa hiyo hufunguka na damu inayopita ngozini inaweza kufika lita 6 hadi 8 kwa dakika, ili joto la ndani litolewe nje. Kwa mzee mfunguko huo ni hafifu zaidi, kwa sababu kuta za mishipa yake hutoa kwa shida ile gesi inayoilegeza mishipa, yaani oksidi ya naitriki. Bibi anaposema kwamba jua la sasa si kama la zamani, msimpuuze. Mwili wake kweli hauna tena njia zile zile za kulitoa joto.

Sasa tuje kwenye kuona. Mwaka 1628 tabibu wa Uingereza William Harvey alithibitisha kwamba damu huzunguka, hutoka moyoni kwa ateri na kurudi kwa vena, lakini hakuweza kuonyesha inavukaje kutoka huku hadi kule, maana hakuwa na chombo cha kuviona vijia vyenyewe. Marcello Malpighi wa Italia ndiye aliyeziona kapilari mwaka 1661, akitazama mapafu ya chura kwa hadubini. Kwa ngozi ya binadamu, ujuzi mwingi tulio nao kuhusu zile nyavu mbili na vitanzi vyake ulijengwa kwa kukata vipande vidogo vya ngozi na kuvichunguza kwa hadubini, ikiwemo hadubini ya elektroni. Irwin Braverman wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ametajwa sana kwa kazi hiyo. Kukata kipande kunakupa undani wa ajabu, lakini kipande kilichokatwa kimekufa na damu yake imesimama, na mahali ulipokata huwezi kupatazama tena mwakani. Picha ya ngozi iliyo hai imeleta uwezo wa kurudi pale pale, kwa mtu yule yule, mara kwa mara.

Chombo rahisi kuliko vyote kimekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja, nacho ndicho ninachokipenda zaidi kwa sababu hakidai umeme mwingi wala fedha nyingi. Mwaka 1912 Warren Lombard, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, alionyesha kwamba ukidondosha tone la mafuta kwenye ngozi iliyo kwenye shina la ukucha, kapilari huonekana kwa hadubini. Mafuta huondoa mng'ao wa uso wa ngozi, ule unaourudisha mwanga kabla haujaingia ndani. Kwingine kote mwilini kitanzi kimesimama wima, hivyo ukitazama kutoka juu unaona nukta tu. Kwenye shina la ukucha vitanzi vimelala kuelekea ukucha, hivyo unakiona kitanzi kizima kwa urefu wake.

Nikueleze ninavyofanya, maana wewe mwenyewe utaweza kufanya siku moja. Mgonjwa hukaa chumbani kwa robo saa hadi dakika ishirini bila kunawa maji ya baridi wala kushika kitu cha moto. Huuweka mkono mezani, usawa wa moyo, vidole vimelegea. Mimi huchagua kidole cha pete cha mkono asioutumia sana, kwa kuwa ngozi yake hapo hupitisha mwanga vizuri kuliko ya vidole vingine na haijapata misukosuko mingi. Hudondosha tone dogo la mafuta. Ya nazi yaliyochujwa yakawa maangavu yanafaa kabisa, mradi yasiwe na povu, kwa maana kila kiputo cha hewa ni kioo kidogo kinachorudisha mwanga. Kisha husogeza lenzi inayokuza mara 200. Mwanzoni unaona wekundu wa ukungu tu. Ukigusa kirekebishi taratibu, ukungu hujikusanya na safu ya vitanzi hujitokeza, imejipanga kama meno ya chanuo, yote yakielekea ukucha. Kwa mtu mwenye afya unahesabu vitanzi 7 au zaidi katika kila milimita moja. Ukitulia usiguse meza, utaona ndani ya kitanzi kimoja damu ikisogea kwa mikupuo, ikipanda upande mwembamba na kushuka upande mpana kidogo, na katikati ya mikupuo hiyo pana nafasi tupu ambapo kapilari yenyewe haionekani kabisa.

Nafasi hiyo tupu uikumbuke, tutaihitaji baadaye. Ukuta wa kapilari hauonekani kwa chombo hiki. Unachokiona ni safu ya chembe nyekundu zilizomo ndani yake.

Kwa mzee asiye na ugonjwa, vitanzi vya shina la ukucha huwa bado vipo kwa idadi ya kuridhisha, lakini vingi vimepinda na kujisokota, na wavu ulio nyuma yake huonekana wazi zaidi. Sehemu hii huzeeka kwa upole kuliko ngozi ya uso au ya mkono. Kwa hiyo ukiona milimita nzima iko tupu, au kitanzi kilichovimba hadi kupita mikromita 50, usiseme ni uzee. Hizo ni dalili zinazotupeleka kwenye maradhi ya tishu, hasa ule ugonjwa wa ngozi kukakamaa uitwao skleroderma, na hapo chombo hiki cha bei nafuu humfaa mgonjwa sana, kwa kuwa kinaweza kuonyesha hatari kabla ngozi haijaanza kukaza.

Mashine aliyoitaja mjomba wako, nadhani, ni ile inayotumia mwangwi wa mwanga. Wataalamu wa macho wanaifahamu zaidi kuliko sisi wa ngozi, kwa sababu ilianza kutumika kwao kutazama sehemu ya nyuma ya jicho. Ilielezwa mwaka 1991 na David Huang, James Fujimoto na wenzao huko Marekani. Wewe umeshaona altrasaundi ya mama mjamzito: sauti hutumwa ndani, hurudi, na muda uliotumika kurudi huonyesha kina cha kitu kilichoirudisha. Mashine hii hufanya hivyo kwa mwanga. Shida ni kwamba mwanga huenda kasi kiasi kwamba hakuna saa ya kawaida inayoweza kupima muda wa kurudi kwake ndani ya milimita moja ya ngozi. Kwa hiyo mwanga hugawanywa mara mbili. Nusu huingia kwenye ngozi, nusu huenda kwenye kioo kilichowekwa umbali unaojulikana, na zinaporudi hukutanishwa. Mahali ambapo mawimbi ya pande hizo mbili yanaoana ndipo mashine inapotambua kwamba mwanga huu ulitoka kina kile. Kwa ngozi hufika milimita 1 hadi 2 na kutofautisha vitu vya mikromita 10 hivi, kina ambacho kinatosha kuufikia wavu wa juu na vitanzi vyake.

Mpaka hapo inaonyesha umbo la ngozi tu. Ili mishipa ijitokeze, mashine hurudia kupiga mstari ule ule mara kadhaa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha hulinganisha. Kilichotulia, kama mafuta na kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara, hurudisha mwanga ule ule kila mara. Damu inayotembea hurudisha mwanga uliobadilika, maana chembe zilizokuwapo zimeshapita na nyingine zimekuja. Kila nukta iliyobadilika huchorwa, isiyobadilika hufutwa, na mwishoni unabaki na ramani ya mishipa peke yake, bila dawa yoyote kuingizwa mwilini. Nami kila ninapoieleza njia hii huona jinsi ilivyo ya adabu kwa mgonjwa, kwani anakaa na kupumua tu, na tunaona kile ambacho zamani tulikikata.

Kuna njia nyingine ambazo nitazipita haraka. Leza ya Doppler, iliyoanzia kwenye kazi ya Michael Stern mwaka 1975, hupima kasi na wingi wa damu lakini haichori umbo la mshipa. Njia ya mwanga na sauti hutumia ugunduzi wa Alexander Graham Bell wa mwaka 1880: mwanga ukimulikwa kwa vipindi, kinachoufyonza hupata joto, hutanuka na kutoa sauti, na hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, hufyonza mwanga sana, hivyo mishipa husikika na kuchorwa hata ikiwa milimita kadhaa chini. Altrasaundi ya kawaida ya hospitali zetu haiwezi kuziona kapilari, ni ndogo mno kwake.

Hapa ndipo swali lako kuhusu ngozi nyeusi linapoingia, na ninakushukuru kwa kuliuliza. Melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, hufyonza mwanga, na huufyonza zaidi mwanga wa mawimbi mafupi kama ule wa bluu na kijani, kuliko mwanga wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho. Mashine ya mwangwi wa mwanga inayotengenezwa kwa ajili ya ngozi hutumia mwanga wa nanomita 1,300 hivi, ambao melanini huuzuia kidogo, kwa hiyo ngozi ya bibi isingekuwa kikwazo kikubwa. Hadubini ya shina la ukucha hutumia mwanga wa kawaida, hivyo kwa ngozi nyeusi sana picha hufifia, na inabidi mpigaji awe mvumilivu na achague kidole kwa makini. Njia ya mwanga na sauti huhitaji uangalifu zaidi, kwa maana melanini nayo hufyonza na kutoa sauti yake juu ya ile ya damu. Suala hili si dogo. Mwaka 2020 ilichapishwa Marekani kazi iliyoonyesha kwamba kipima oksijeni cha kidoleni, kile kile mnachokitumia wodini, kilikosea mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi, kikionyesha oksijeni ya kutosha ilhali ilikuwa imeshuka. Kwa hiyo mtu akikuletea kipimo chochote cha mwanga, muulize kilijaribiwa kwa ngozi ya nani.

Rudi sasa kwenye dai la kwamba picha huonyesha umri. Mwambie bibi akunje mkono wa gauni, uutazame mkono wake pande mbili: mgongo wa mkono chini ya kiwiko, na upande wa ndani wa mkono wa juu, karibu na kwapa, ambao maisha yake yote umefunikwa na nguo. Vipande vyote viwili vina miaka 78. Ukivipiga picha utapata ramani mbili tofauti. Upande wa ndani vitanzi vimepungua na kufupika, kuta za mishipa zimekuwa nyembamba, lakini mpangilio wa wavu bado unaeleweka. Upande wa nje, uliopigwa na jua, mishipa imepungua zaidi, iliyobaki mingine imetanuka na kupindapinda, na mpangilio umevurugika. Mashine ikiulizwa umri wa bibi itatoa majibu mawili kwa mtu mmoja. Jua la kwetu si la kubeza: Mtwara na Newala ziko kama nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo jua hutupita utosini mwezi wa Oktoba na tena Februari, na huo wa Oktoba ni mwezi ambao akina mama wameinama mashambani wakiokota korosho, migongo ya mikono ikitazama juu. Melanini imemkinga bibi sana, kuliko ambavyo ingekuwa kwa mtu wa ngozi nyeupe au ndugu yetu mwenye ualbino, lakini kinga hiyo haijawa kamili.

Na ile nafasi tupu niliyokuambia uikumbuke: njia hizi zinaiona damu, na ile ya mwangwi inaiona inapotembea tu. Mshipa uliojifunga kwa baridi haupo kwenye picha. Miaka ya nyuma nilimtazama mama mmoja, muuza samaki wa feri hapa Mtwara, nikahesabu vitanzi vinne kwa milimita, na nilikuwa nimeshashika kalamu kuandika kwamba apelekwe kupimwa maradhi ya tishu. Nilipomshika mkono kumsaidia kuinuka nikagundua vidole vyake ni vya baridi kama barafu aliyokuwa akipangia samaki tangu alfajiri. Tulimpa chai, akakaa, tukarudia baada ya nusu saa, na vitanzi vilikuwa vinane. Tangu siku hiyo siangalii lenzi kabla ya kushika mkono wa mgonjwa. Kinyume chake pia ni kweli: vitabu vinataka chumba cha nyuzi 22 hivi, na kwetu mwezi wa Desemba, umeme ukikatika, chumba huwa na joto zaidi ya hapo na mishipa yote imefunguka, kwa hiyo mzee anaweza kuonekana na mishipa mingi kuliko hali yake ilivyo. Kubonyeza chombo kwa nguvu nako huikamua damu ikaacha doa jeupe, na mkono unaotetemeka huchora mistari isiyokuwapo.

Kwa bibi yako kuna jambo la ziada, nalo ni korosho. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na mbanguaji wa mikono huyapata kwenye ncha za vidole na kuzunguka kucha siku baada ya siku, hata akijipaka majivu. Shina la ukucha lililoungua na kupona mara nyingi huwa gumu, na kovu hufunika vitanzi au huviharibu. Mtu asiyejua historia hiyo angeitazama picha ya vidole vya bibi na kuandika ugonjwa mkubwa. Msimulizi wa kwanza wa picha hiyo ni bibi mwenyewe, na anapaswa kuulizwa kazi zake kabla ya kuwekewa mafuta kidoleni.

Tuje kwenye mabaka. Chukua glasi safi ya maji, ubonyeze upande wake juu ya baka huku ukitazama kupitia kioo. Baka likififia, damu bado imo ndani ya mishipa iliyotanuka. Lisipofifia, damu imeshatoka nje ya mishipa na kukaa ndani ya ngozi. Nahisi ndivyo itakavyokuwa kwa bibi. Sababu ya kawaida kwa wazee ni kwamba kolajeni iliyokuwa imeizunguka mishipa na kuishikilia imepungua, hasa upande wa jua, kwa hiyo mkono ukikwaruza mlango au mtungi, mshipa uliokosa mto wa kuuegemea huchanika. Baka hilo haliumi, hukaa wiki moja hadi tatu, kisha hufifia, mara nyingine likiacha rangi ya kutu.

Lakini kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, ambaye jua halimharibu kwa kiasi hicho, mabaka mengi namna hii hunifanya niulize kuhusu dawa kabla ya kuulaumu umri. Je, bibi anatumia aspirini au dawa nyingine ya kuifanya damu isigande? Je, amewahi kupewa vidonge vya prednisolone kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au viungo? Na hasa, je, anajipaka dawa ya tyubu kwa ajili ya muwasho, ile inayouzwa dukani bila cheti? Nyingi zina kotikosteroidi zenye nguvu, dawa za jamii moja na prednisolone, zile zile zinazotiwa kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi. Dawa hizo, zikipakwa leo, huibana mishipa midogo hata ngozi ikapauka. Jambo hili linajulikana vizuri kiasi kwamba tangu mwaka 1962 nguvu ya dawa hizo imekuwa ikipimwa kwa kuangalia ngozi inavyopauka. Zikipakwa kwa miezi na miaka, kolajeni hupungua, ngozi hugeuka karatasi, mishipa hutanuka na kuchanika kwa kuguswa. Nimeona mikono ya mama wa miaka 45 ambayo chini ya lenzi ningeapa ni ya mtu wa miaka 80, na ilikuwa kazi ya tyubu tu.

Msiache ghafla dawa yoyote aliyoandikiwa na daktari, wala aspirini ya moyo, hata kama mabaka yanawaudhi. Vidonge vya prednisolone vilivyotumika muda mrefu vikikatwa ghafla vinaweza kumwangusha mgonjwa. Lakini mkiona vidoa vidogo vyekundu vilivyotapakaa miguuni, damu kutoka kwenye fizi au puani, homa, kupungua uzito, au baka linalouma na kuwa jeusi katikati, basi msingoje miadi. Mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo akapimwe chembe za kugandisha damu. Yasipokuwapo hayo, anachohitaji ni nguo ya mikono mirefu shambani, mafuta ya kulainisha ngozi asubuhi na jioni, na mtu wa kumsogezea mtungi.

Mpeleke kliniki ya hapo Newala wiki hii au ijayo, mwanangu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Chukua kila tyubu na kila kopo alilowahi kujipaka, hata lililokwisha na kutupwa uvunguni, uliweke kwenye mfuko na ulifikishe mezani kwa daktari pamoja na vidonge vyake. Na atakapokaa, mwombe daktari aanze kwa kutazama upande wa ndani wa mkono wake wa juu, kisha ndipo ageuzie mabaka.